Kuutisha mwembe kwa panga ili uzae: kuna aliyeona kwa macho yake?

#1 MwanaBombo
Wadau, habari za leo. Nina mwembe nyuma ya nyumba hapa Bombo, Uganda. Mti mkubwa, majani ya kijani kilichokolea, na kivuli chake ndicho baraza la mtaa: vikao vya LC1 (serikali ya mtaa), chama cha akina mama cha kuweka akiba, vijana wa ludo, wote wako pale. Maembe ndiyo hakuna. Maua yanatoka kidogo, yanakauka, yanapukutika, habari imekwisha. Jirani wa mtaa wa pili anauza maembe kwa beseni.

Wiki iliyopita mjomba wangu wa Koboko alipita, akautazama, akasema dawa ya mti wa aina hii ni kuutisha. Mtu mmoja anashika panga anausemesha: "Wewe huna faida, leo nakukata." Anaupiga mapanga kadhaa kwenye shina. Mwingine anatokea, anamshika mkono na kumwomba: "Mwache, mwakani atazaa." Basi. Anasema kwao walifanya hivyo na mti ukazaa.

Mke wangu anacheka mpaka leo. Mimi sijacheka, na sijaamini pia. Nani ameliona hili kwa macho? La kusikia sitaki.

#2 BintiKoboko
Mjomba wako hajakudanganya. Kwa bibi yangu lilifanyika, na mwombaji nilikuwa mimi, maana anayeomba lazima awe mtoto. Nililia machozi ya kweli, hakuna aliyeniambia kwamba ni mchezo. Msimu uliofuata matawi yaliwekewa nguzo yasivunjike.

#3 DerevaMalaba
Kumbe miembe ina masikio! Kesho naenda kulitisha lori langu, labda litawaka bila kusukumwa.

#4 MwalimuLira
Dada BintiKoboko, sikatai ulichoona. Nauliza tu mliutisha mwaka gani wa mti.

Mwembe una desturi ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Mwaka wa mzigo unamaliza akiba yake yote ya wanga kwa kulisha matunda, na mbegu zilizo ndani ya matunda hayo zinatoa homoni, jiberelini, inayozuia vichipukizi visigeuke maua. Mwaka wa pili unatoa majani tu. Sasa niambieni, nani anashika panga mwaka ambao mti umejaa? Panga linashikwa mwaka wa mapumziko. Mwaka unaofuata mti ungezaa hata kama mngeuimbia taarabu. Sifa zinaenda kwa panga.

#5 BintiKoboko
Mwalimu, umesema vizuri, ila miembe ilikuwa miwili, imepandwa siku moja. Uliopigwa panga ndio uliozaa. Mwenzake ulikaa vilevile. Hiyo akiba ya wanga ilijuaje nani katishwa?

#6 MwalimuLira
Miembe miwili hailazimiki kupumzika mwaka mmoja. Kila mti na zamu yake. Hata ndani ya mti mmoja utakuta upande huu una maembe na upande ule una majani mapya tu, halafu mwakani wanabadilishana.

#7 FundiMiche
Nina kitalu cha miche huku Kayunga. Mnabishana kuhusu maneno na mmelisahau panga lenyewe.

Ganda la mti lina mirija inayoteremsha sukari kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi. Ukilikata, sukari inakwama juu, na tawi lililojaa sukari ni jepesi kutoa maua. Wakulima wa matunda katika nchi nyingi wanafanya hivi makusudi: wanavua utepe mwembamba wa ganda kuzunguka tawi, tena kabla ya msimu wa maua, si wakati wowote. Kwa hiyo yale maneno ni burudani ya wazee. Kazi inafanywa na kidonda.

Ila tafadhali, mtu asikimbilie kuvua ganda kuzunguka shina zima. Mizizi ikikosa chakula mti unakufa umesimama, na kuni za mwembe mnazijua bei yake. Vidonda pia vinakaribisha kuvu na wadudu wa shina.

#8 AskariMstaafu
Naunga mkono. Kambini miembe ilikuwa imejaa misumari ya inchi sita. Kila mkubwa mpya alipigilia wake. Mingine ilizaa, mingine tukabaki kuitundikia mikanda. Kuna waliomwaga chumvi kwenye mizizi, wakisema mwembe ni mti wa pwani unatamani bahari.

#9 FundiMiche
Afande, chumvi hapana. Inaharibu udongo, na majani yanaungua kingo. Msumari nao ni kidonda kidogo mno kwa shina nene, sidhani unazuia chochote.

#10 MamaKalerwe
Wanangu, mimi si msomi, nauza maembe soko la Kalerwe, Kampala, na biashara imenifundisha kalenda.

Maembe ya mwezi wa nne mpaka wa sita yanatoka juu, kaskazini: Arua, Yumbe, Moyo, na upande wa Teso. Huko kiangazi ni kiangazi. Ikifika Desemba mvua inaondoka, ardhi inapasuka, mwembe unachanua kwenye jua kali. Mvua ikirudi matunda yameshashika. Huku karibu na ziwa mvua haiagi. Mti ukichanua, unanyeshewa. Ukijikausha, unanyeshewa tena. Ndiyo maana huku Buganda tunapata misimu miwili kwa mwaka, mmoja katikati ya mwaka na mwingine mwishoni, lakini kila mmoja kidogo kidogo. Mwaka wa ukame nyinyi mnalia mahindi, mimi nachekelea maembe ya Luweero.

Mwanangu wa Bombo, adui yako ni mawingu. Hayo hayatishiki kwa panga.

#11 DerevaMalaba
Mama Kalerwe apewe wizara.

#12 MsomiPembeni
Shikamoo Mama Kalerwe. Naongezea kidogo juu ya hapo.

Asili ya mwembe ni upande wa India na Burma, kwenye nchi za miezi mikavu kisha mvua kubwa. Mti umezoea kupewa muda wa kiu. Mahali penye majira ya baridi, usiku wa chini ya nyuzi 15 hivi ndio unaoamsha maua. Kwetu karibu na ikweta, tambarare haifikii baridi hiyo, kwa hiyo kinachobaki ni ukavu na umri wa vichipukizi. Vichipukizi vichanga haviwezi kuchanua. Mti unaotoa majani mapya kila mara kwa sababu ya mvua hauna vichipukizi vilivyokomaa.

Pili, maua yakishatoka. Shada moja la mwembe lina maua mamia, hata maelfu, na mengi ni ya kiume, hayawezi kuwa embe. Chini ya ua moja katika mia ndilo linalofika kuvunwa, hata kwenye mti mzima wa afya. Kwa hiyo kupukutika peke yake si ugonjwa. Ugonjwa unatambulika kwa rangi: maua yakiwa meusi kama yameungua, hiyo ni chule, kuvu anayependa mvua. Yakiwa na unga mweupe, huo ni ubwiri unga.

MwanaBombo, yako ni meusi au yana unga? Na maji ya bafu yanamwagika wapi?

#13 MwanaBombo
Meusi. Na la bafu umelijuaje? Mtaro unaishia palepale kwenye shina. Banda la kuku nalo liko chini yake.

#14 FundiMiche
Basi tumemaliza. Mti wako umeshiba. Maji mwaka mzima, mbolea ya kuku mwaka mzima, naitrojeni juu ya naitrojeni. Utazaa wa nini? Unatoa majani tu na kunenepa. Geuza mtaro, hamisha kuku, uone.

#15 KakaSerere
Fundi, hatujamaliza. Kwetu Serere miembe mikubwa kuliko yote iko kando ya zizi la ng'ombe. Inakula samadi tangu babu zetu hawajazaliwa, na inazaa mpaka nguruwe wanasusa. Kama mbolea ingekuwa tatizo, Teso tusingeonja embe.

Niseme na hili. Watu wa mjini wanaliona embe kama kitafunio. Kwetu mwezi wa tano ghala ni tupu, mtama na ulezi bado uko shambani, na kinachowashikilia watoto ni maembe ya kienyeji, yale madogo yenye nyuzi zinazobaki kwenye meno. Asubuhi maembe, mchana maembe. Bei yake hakuna, mtu anakuambia chukua. Halafu wiki chache baadaye mengine yanaoza chini ya miti na Kampala mnanunua moja moja. Kiwanda cha matunda kilijengwa Arapai karibu na Soroti kwa msaada wa Korea Kusini, kikafunguliwa rasmi mwaka 2019, kinasindika machungwa na maembe. Ni jambo zuri. Lakini gunia la embe la nyuzi la mama yangu bado linaozea pale pale nyumbani.

#16 FundiMiche
Kaka Serere, jibu lako umelitoa mwenyewe. Zizi lipo, lakini na kiangazi kipo. Miezi yenu mikavu inautia mti kiu, samadi au la. Bombo hakuna cha kuutia kiu.

#17 Mpwani
Salamu kutoka Tanga. Nacheka. Embe mmezijua juzi ndio maana mnazitisha. Sisi huku embe ni za tangu na tangu, hata Ibn Battuta alizikuta Tanga na kuziandika. Dodo, boribo, ngowe, epo, zote asili yake ni kwetu. Mwembe wa kwetu hautishwi. Unafukiziwa moshi.

#18 DerevaMalaba
Wametokea wenyewe wa Kiswahili sanifu. Kaa chini ndugu, chai inakuja.

#19 MsomiPembeni
Mpwani, karibu, ila tuweke sawa. Ibn Battuta alipita pwani mwaka 1331, na maembe aliyoyaeleza aliyakuta Mogadishu, siyo Tanga. Aliandika kwamba yakiwa mabichi yana uchachu na wenyeji wanayatia kwenye siki, wanakula na wali. Epo chimbuko lake ni Malindi, na ngowe ni Lamu, yote ni Kenya. Boribo na dodo nakuachia.

#20 Mpwani
Malindi, Lamu, Mogadishu, Tanga: pwani ni moja. Wazee wetu hawakuwa na pasi za kusafiria. Na umeruka la moshi.

#21 BintiKoboko
Subirini. Moshi! Bibi alikuwa anachoma takataka za nyumba chini ya ule mti, samadi kavu na maganda. Ni ule uliopigwa panga. Wa pili ulikuwa upande wa barabara, hapakuchomwa kitu.

#22 MwalimuLira
Sasa dada unatuletea shahidi wa pili ambaye anamkana wa kwanza.

#23 BintiKoboko
Simkani mtu. Panga lilipigwa, moshi ulikuwepo, embe tulikula. Nyinyi chagueni.

#24 MsomiPembeni
La moshi lina uzito. Ufilipino wakulima walikuwa wakifukiza miembe kwa siku nyingi mfululizo ili ichanue nje ya msimu. Ndani ya moshi kuna gesi ya etilini, ileile inayoivisha ndizi. Miaka ya 1970 mtaalamu wao mmoja, Ramon Barba, akagundua kwamba kunyunyizia majani kwa potasiamu naitreti iliyoyeyushwa kwenye maji kunafanya kazi hiyo bila moshi, na maua yanatoka ndani ya wiki chache. Tangu hapo wanavuna karibu mwaka mzima. Lakini hata hiyo inataka vichipukizi vilivyokomaa. Ukinyunyizia majani machanga umetupa pesa.

Kwa hiyo bibi wa Koboko inawezekana alikuwa mtaalamu bila cheti.

#25 MwalimuLira
Au alikuwa anachoma takataka tu. Moto wa takataka jioni moja moja haulingani na kufukiza usiku na mchana.

#26 MzeeWaKanisa
Amani kwenu kutoka Kasese. Nimewasoma kimya, nikashangaa hakuna aliyeona. Hadithi hii ya panga imo katika Injili ya Luka, sura ya 13, kuanzia mstari wa 6. Mtu ana mtini katika shamba la mizabibu, miaka mitatu haujazaa, anamwambia mtunza shamba aukate. Mtunza shamba anauombea: uache mwaka huu nao, niupalilie, niutie samadi; usipozaa, ndipo uukate. Mwenye panga yupo, mwombaji yupo, na ahadi ya mwakani ipo. Nadhani wahubiri walipofika huko juu watu waliusikia mfano huu wakaugeuza tendo.

#27 BintiKoboko
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sisi ni Waislamu tangu babu wa babu. Bibi hakuwahi kuifungua Luka.

#28 MwanaBombo
Na hapa Bombo nusu ya mtaa ni Wanubi, Waislamu pia. Mjomba ni haji kabisa.

#29 Mpwani
Na huku kwetu wapo wanaofanya hivyo kwa mnazi. Msikiti na kanisa vyote vimeukuta mchezo huu uko hapa.

#30 MzeeWaKanisa
Kama mchezo huu ulikuwepo Palestina karne ya kwanza na upo Tanga, basi aliyeuanza ni mkulima, dini zimeupokea. Tazameni tena lakini: yule mtunza shamba hakuomba tu. Aliahidi kulima kuzunguka mti. Kulima kunakata mizizi ya juu. Fundi Miche atuambie kama hicho si kidonda.

#31 FundiMiche
Ni kidonda, mzee. Kukata baadhi ya mizizi kunapunguza maji yanayopanda. Ila huyo alitaka na samadi, na MwanaBombo samadi anayo kupita kiasi.

#32 SamakiJinja
Nyote mnasema maua, hakuna anayesema mchavushaji. Maua ya mwembe hayategemei nyuki sana, yanachavushwa na nzi, hata wale wakubwa wa kijani. Australia kuna wakulima wanaotundika samaki au nyama iliyooza shambani wakati wa maua, nzi wakusanyike. MwanaBombo, mtaa wenu ni msafi sana? Njoo nikuuzie matumbo ya sangara.

#33 DerevaMalaba
Mke aliyecheka panga, subiri umletee matumbo ya sangara juu ya mti.

#34 MamaWatatu
Nzi hao hao si ndio wanaoingia kwenye ngozi? Mwanangu alitoka funza mgongoni, daktari akasema ni nzi wa maembe. Niliukata mwembe wangu sababu hiyo.

#35 MsomiPembeni
Mama, pole kwa mtoto, na pole kwa mwembe. Yule nzi anaitwa nzi wa maembe lakini mwembe hauhusiki. Anataga kwenye udongo wenye kivuli na kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa chini au kivulini, na funza anaingia kwenye ngozi nguo ikivaliwa. Kivuli cha mwembe ndipo watu wengi wanapoanika, ndipo lawama zikauangukia. Dawa ni kuanika juani na kupiga pasi kila kitu, mishono na nepi pia. Wa kwenye tunda ni mwingine, na wa kuchavusha ni mwingine.

#36 MamaWatatu
Pasi na umeme wa huku? Mwembe ulikuwa rahisi zaidi.

#37 AskariMstaafu
Na malaria inayokuja na maembe? Zamani tulikatazwa kula mabichi.

#38 MwalimuLira
Afande, maembe yanaiva msimu wa mvua, na mvua hiyo ndiyo inayoleta mbu. Embe bichi litakuumiza tumbo tu.

#39 KakaSerere
Turudi kwa funza wa ndani ya tunda, maana ndiye anayetuua mfukoni. Zamani embe la kienyeji ulikuwa unakula gizani bila wasiwasi. Siku hizi ukilipasua unakuta linacheza. Kuna aliye na maelezo?

#40 MsomiPembeni
Ninayo. Yupo nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na Uganda mwaka 2004. Jike anatoboa ganda la tunda linaloanza kukomaa na kutaga humo. Funza wakishiba wanaanguka pamoja na tunda, wanajichimbia ardhini, wanatoka nzi wapya. Ile tabia ya kuacha maembe yaliyoanguka yaoze chini ya mti ndiyo kiwanda chao. Yaokote kila siku, yatie kwenye kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi, funga vizuri, acha juani siku kadhaa. Au fukia kwa kina. Mitego ya harufu ipo, ila ile ya kawaida inavuta madume tu, kwa hiyo usitegemee hiyo peke yake.

#41 Mpwani
Kwetu tunao majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Kwenye mti wenye majimoto nzi hatagi kwa raha.

#42 MsomiPembeni
Hapa Mpwani yuko sahihi kabisa. Benin walilichunguza hili na wakakuta miembe yenye chungu hao ina funza wachache zaidi. Nzi anakimbia hata harufu waliyoiacha kwenye tunda.

#43 KakaSerere
Sahihi kwa asiyepanda. Waliwahi kuniingia kwenye suruali nikiwa juu. Nilishuka bila kutumia mikono. Yule nzi namwachia embe lake.

#44 MwanaBombo
Wadau asanteni, uzi wangu umekuwa msitu. Nijumlishe niliyoambiwa: nigeuze mtaro, nihamishe kuku, nifukize, nivue ganda, nilime mizizi, nitundike samaki, nisubiri mwakani, na nihamie Arua. Panga bado lipo kwenye orodha. Mmoja aniulize swali moja la maana.

#45 FundiMiche
Nakuuliza mimi. Uliupanda mwenyewe? Kwa mche au kwa kokwa?

#46 MwanaBombo
Marehemu baba aliupanda kwa kokwa. Alilikula embe hilo mjini, kubwa, lisilo na nyuzi, akalipenda, akaleta kokwa kwenye mfuko wa koti.

#47 FundiMiche
Hapo ndipo. Maembe yetu ya kienyeji, yale ya nyuzi, kokwa moja linatoa miche kadhaa na mingi kati yake ni mama mtupu. Ukipanda kokwa tamu unapata tamu. Lakini yale makubwa ya kisasa, Kent, Tommy Atkins na ndugu zao, kokwa linatoa mche mmoja tu, na mche huo umechanganywa na chavua ya mti wowote uliokuwa karibu. Unaweza kupata bora kuliko mama, unaweza kupata mti wa kivuli maisha yote. Baba yako, Mungu amrehemu, alicheza bahati nasibu.

Njia ipo: kata matawi makubwa yabaki vigogo, subiri vichipukizi, bebesha vikonyo, yaani unganisha vijitawi vya aina unayoitaka, juu yake. Mizizi ni ileile ya zamani, kwa hiyo hauchukui muda mrefu kuzaa kama mche mpya.

#48 MwanaBombo
Nikate matawi? Chama cha akina mama watanikata mimi kwanza. Mwenyekiti wa LC naye atauliza kikao kinaenda wapi.

#49 MwalimuLira
Kata upande mmoja, bebesha. Upande wa pili upige panga. Acha wa tatu bila kitu. Uturudishie majibu baada ya misimu miwili au mitatu, huo ndio utafiti.

#50 BintiKoboko
Mwalimu, mti ni mmoja. Ukiutisha upande mmoja upande wa pili nao unasikia.

#51 MwalimuLira
Nimekosa jibu la hilo, nakiri siwezi kuuziba masikio.

#52 MamaKalerwe
Mimi namwambia aache mti utulie. Mwaka wa jua kali ukija utaniambia. Nitakuja na magunia mwenyewe, na bei tutakubaliana hapohapo chini, si unajua sisi.

#53 SamakiJinja
Mama Kalerwe, kwa kuwa uko hapa: kwa nini maembe ya sokoni siku hizi ni manjano nje na ndani ni mbao? Yanaivishwa na kabaidi ya wachomeleaji?

#54 MamaKalerwe
Sikukatalii, wapo wanaofanya. Wanachuma changa kabla ya wakati ili wawahi bei, halafu wanalazimisha rangi. Mimi naivisha kwa kufunika na majani ya migomba kwenye chumba, siku tatu nne, ukiweka na ndizi mbivu katikati yanakimbia zaidi. Ukinunua, usitazame rangi. Nusa kwenye kikonyo. Embe lililokomaa mtini linanukia pale, na mabega yake yamejaa yamepanda juu ya kikonyo. Lililolazimishwa halinukii kitu na mabega yameanguka.

#55 MsomiPembeni
Ni kweli. Kalsiamu kabaidi ikikutana na unyevu inatoa gesi inayofanana kazi na etilini, lakini ile ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Osha ganda hata ukila nyama tu.

#56 DerevaMalaba
Mimi nikila embe midomo inavimba. Kabaidi hiyo?

#57 MsomiPembeni
Huenda ni utomvu. Mwembe uko ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wa kwenye kikonyo na ganda unawasha baadhi ya watu. Mwambie mtu mwingine akumenyee, uone kama inavimba.

#58 DerevaMalaba
Nimwambie nani, na mke wangu amesema mwenye mikono amenye mwenyewe?

#59 Mpwani
Mtishe kwa panga.

#60 MamaWatatu
Jaribu, utaandika uzi unaofuata ukiwa hospitalini.